Kumuaga Mlinzi wa Mfuko wa Wasio na Kazi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, ambaye leo umefika kabla ya chakula na sote tunajua umejikaza. Bwana Afisa wa Kazi. Bwana Meneja wa kiwanda chetu cha nguo kule Mavoko. Mzee wetu Bartholomew Ndunda, mwenyekiti wa Mfuko wa Kukosa Kazi, unayestaafu leo, pamoja na Mama aliyekuvumilia. Ndugu Katibu Musili na kamati yako. Wageni waalikwa kutoka Kangundo, Masii na hapa mjini Machakos. Wanachama wenye kazi, mliokaa huku mbele kwenye viti vilivyovishwa vitambaa. Na nyinyi msio na kazi, mliosimama kule nyuma karibu na mlango. Mfuko huu uliundwa kwa ajili yenu, na bila shaka ndiyo maana kamati imewapa sehemu yenye hewa nyingi. Hamjambo nyote? Mwi aseo? Wenzetu Waislamu, salaam aleikum.

Kwa wasionijua, mimi ni Nthambi, naibu mwenyekiti wa mfuko. Kiwandani mimi ni mkaguzi: shati likipita mbele yangu na kifungo kimelegea, linarudi lilikotoka. Leo nimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kumsifu Mzee. Ya pili, nikishamaliza kumsifu, ni kuwasomea azimio la kamati na kuitisha kura ya mikono. Katibu Musili ameniomba kwa upole nisizichanganye kazi hizo mbili. Nitajaribu, Katibu. Usinitazame hivyo, sijaanza.

Mzee Ndunda ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye mnaweza kudhani nimelisahau. Wengi wenu vijana mlimkuta akiwa na tai na kalamu mbili mfukoni, lakini sisi tulimjua akiwa mkata vitambaa. Mwaka mmoja oda za ng'ambo zilikatika, naye akarudishwa nyumbani hata bila kikombe cha chai ya kuagana. Alikaa Masii akiuza mbuzi mmoja baada ya mwingine, mpaka zizi likabaki na mlango tu. Oda ziliporudi aliitwa tena, na siku ya kwanza, saa ya chakula, akapanda juu ya meza ya kukatia akatuambia hivi: "Watu wetu wako na mwethya. Leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu. Mbona hapa kiwandani kila mtu anakufa kivyake? Tukiwa na oda mingi na ovataimu, kila mtu atoe kidogo. Oda zikikatika, yule amerudishwa nyumbani apewe kidogo ya kusukuma siku, mpaka aitwe tena."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na niliacha kutafuna. Anayefanya kazi ya nguo anaijua biashara hii. Watu wa ng'ambo wakinunua mashati, sisi huku tunalala kwenye mashine. Wakiacha kununua, tunalala kwetu. Hatujawakosea lolote, wala hawajatuchukia. Ni msimu wa kupanda na msimu wa kushuka, na ukishuka hauulizi nani ni mvivu na nani ana bidii, unapunguza laini nzima. Mzee aliliona hilo kabla ya wataalamu wa Nairobi kutuletea michoro yao. Kwa hilo, Mzee, muvea muno, asante sana. Mpigieni makofi. Pigeni sana, maana hapo ndipo sifa zisizo na maswali zinapoishia.

Basi mfuko ukaanzishwa, Mzee akawa mwenyekiti, mfuko ukanenepa. Na kadiri ulivyonenepa ndivyo Mzee alivyoupenda. Mmewahi kumwona fahali wa maonyesho ya kilimo? Anaogeshwa, anachanwa, analishwa vizuri kuliko mwenyewe. Halimi wala havuti mkokoteni, kazi yake ni kutazamwa. Hivyo ndivyo mfuko wetu ulivyolelewa. Kila mwaka Mzee alisimama hapa akasema mfuko umekua, tukapiga makofi tukaenda nyumbani tukiwa tumeshiba habari.

Lakini mwenyekiti makini lazima aulinde mfuko dhidi ya adui, na adui mkubwa wa mfuko wa wasio na kazi ni nani? Ni mtu asiye na kazi. Ndipo kamati ikaleta sharti la geti. Wageni wetu hawalijui, naomba niwaeleze, kwa sababu ni uvumbuzi wa Mavoko na hautapatikana kwingine duniani. Anayetaka malipo lazima athibitishe kwamba anatafuta kazi. Na mtu wa Mavoko hutafuta kazi wapi? Getini, alfajiri, pale tunaposimama kusubiri msimamizi atoke aseme wewe na wewe na wewe. Kwa hiyo kamati ikaamua kwamba asimame getini wiki mbili mfululizo, msimamizi amwone, asichukuliwe. Hapo ndipo itajulikana kweli hana kazi.

Siwezi kusema sharti hilo lilikuwa la kijinga. Lilitungwa mwaka wa oda nyingi, wakati wasimamizi walipokuwa wakivuta watu kwa mikono. Mtu akisimama wiki mbili mwaka kama huo asipate hata kufagia, ana shida ya kweli, apewe. Kosa ni kwamba mwaka uligeuka, sharti likabaki limesimama palepale.

Mwaka jana oda zilipungua tena, na nusu ya kiwanda ikarudishwa nyumbani. Watu wakaenda getini kama walivyoagizwa. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, ndani kuna soja na mbwa wake. Wakasimama. Jua likawapiga, wakasimama. Wiki mbili zilipoisha wakaja kwa kamati, na kamati ikawauliza swali la busara sana: Msimamizi yupi aliwaona? Wakajibu kwamba msimamizi alikuwepo, alikuwa kwenye foleni pamoja nao, yeye pia amerudishwa nyumbani. Kamati ikashauriana, ikasema kwa huzuni kwamba msimamizi asiye na kazi si msimamizi. Yule mama aliyekuwa akisimamia laini yetu aliniambia, "Nthambi, nilisimama hapo nikijiona mwenyewe, lakini ati hiyo haihesabiki."

Mnacheka. Chekeni, chakula bado hakijaiva.

Kuna Laban wa pasi, yule pale nyuma mwenye sweta ya kijani. Laban, inua mkono wageni wakuone. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuingia kiwandani na wa mwisho kutoka. Akiwa karibu kumaliza zile wiki mbili, likafika lori la makatoni ya vifungo, soja akamwita ashushe mzigo, kazi ya asubuhi moja. Akaenda, kwa sababu Laban hajawahi kuitwa kazi akakataa. Kesho yake kamati ikampongeza kwa kupata ajira, ikamwambia aanze kusimama upya. Sasa nendeni mkamtazame Laban siku lori likija. Anajificha nyuma ya kibanda cha mandazi! Juzi nilipita nikamwita, akaweka kidole kwenye midomo yake akasema, "Usiniite kwa sauti, mimi nikipewa kazi leo nimeisha." Mzee Ndunda, hongera. Tulikuwa na mtu mwenye bidii kuliko wote, na kwa sheria zetu wenyewe tumemfundisha kuikimbia kazi. Bwana Afisa wa Kazi, nimeona unaandika. Andika, usione haya.

Sasa niwaeleze hekima ya michango. Mtu wa kawaida angedhani kwamba watu huchangia zaidi msimu wa neema na huchukua msimu wa njaa. Ni mawazo ya watu wa mwethya, watu wasiosoma. Kamati yetu ilifanya kinyume. Oda zilipokatika, kamati ilisema nyakati ni ngumu, lazima tujihadhari, ikawaongezea makato wale waliobaki kazini, ambao ovataimu yao ilikuwa imekufa na kila mmoja amehamiwa na shemeji asiye na mshahara. Kisha malipo yakasimamishwa mpaka hali itulie. Na hali ilitulia, tusiseme uongo. Mwezi wa tano mwaka huu oda zilirudi kidogo, karibu kila mtu akaitwa, na mwezi huohuo kamati ikafungua dirisha la malipo. Likakaa wazi mwezi mzima. Hakuna aliyekuja! Watatokea wapi, nao wako kwenye mashine? Kamati ikaandika kwenye ripoti kwamba wanachama hawana mahitaji. Mwezi wa sita oda zikakatika, watu wakarudishwa nyumbani, dirisha likafungwa. Mwavuli huu hufunguliwa jua likiwaka, mvua ikianza unakunjwa usilowe.

Wataalamu walikuja kututembelea, wakanywa chai, wakasema mfuko wetu ni imara kuliko yote waliyoiona. Naamini. Mfuko usiolipa mtu hauwezi kutikisika.

Nafika kwenye azimio, Katibu, nimeona unaangalia saa. Kamati inapendekeza kwamba, kwa kutambua utumishi wa Mzee, fedha zote za mfuko zinunue kiwanja upande wa Konza, kule tunakoahidiwa mji wa teknolojia, na pajengwe jumba la ghorofa litakaloitwa Jumba la Ndunda. Vyumba vitakodishwa kwa watu wa teknolojia watakapokuja. Watakuja lini? Azimio halisemi. Linasema tu watakuja.

Kabla hamjanyoosha mikono, nataka mumtazame mtu mmoja. Mishi, sogea mbele kidogo. Najua hupendi. Sogea.

Huyu ni Mishi wa Majengo hapa mjini, fundi wa kola. Bwana Meneja, wewe unajua kola ni nini. Mtu anaweza kushona mkono wa shati akiwa anasinzia, lakini kola ikipinda shati zima ni la kutupwa. Katika miaka yote niliyokaa kwenye meza ya ukaguzi, sikumbuki kurudisha kola ya Mishi. Alirudishwa nyumbani mwezi wa sita. Akasimama getini na wenzake wiki mbili, kufuli likamwangalia. Nyumbani ana mama yake, Bi Safiya, aliyepata kiharusi mwaka juzi. Upande mmoja hauna nguvu. Mishi ndiye humwinua asubuhi, humwogesha, humgeuza.

Leo nje ya ukumbi huu, karibu na sufuria za pilau, kuna gari jeupe la ajenti. Sanduku la Mishi liko kwenye buti. Akitoka hapa anaelekea uwanja wa ndege, anaenda Ghuba kufanya kazi za nyumba kwa mkataba wa miaka miwili. Nilimuuliza jana, "Mishi, na mama?" Akaniambia, "Majirani wamesema watakuwa wakipita. Mimi nitafanya nini, Dada Nthambi? Nimengoja mpaka nimechoka kungoja." Aliniambia hivyo huku akikunja nguo, wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na tangu jana nimekasirika, na hasira hiyo haijaisha. Nimevaa gauni zuri juu yake, basi.

Na sasa lisikieni hili, kwa sababu ndilo lililonitoa usingizi. Bwana Meneja, uliniambia Jumatatu, na utanisamehe kwa kulitangaza, kwamba oda mpya zimethibitishwa. Zinaanza baada ya sikukuu. Ni kweli ama nimeota? Anaitikia kwa kichwa, ni kweli. Basi itakapofika siku hiyo utatoka getini utafute fundi wa kola, na fundi wako atakuwa ng'ambo anakunja mashuka ya watu. Utachukua msichana mgeni, utamfundisha miezi, na mimi nitakuwa nikirudisha mashati mpaka mkono uniume. Mishi hahitaji jumba, wala hajaomba kulishwa maisha. Anahitaji kidogo ya kusukuma siku mpaka aitwe tena. Tuna hicho kidogo. Tunacho kingi! Tulikichanga wenyewe, na yeye akiwemo, ovataimu baada ya ovataimu.

Mzee Ndunda, maneno hayo ya kusukuma siku si yangu. Ni yako. Ulikuwa mwembamba wakati ule.

Sasa, katiba yetu inasema mwenyekiti akistaafu, naibu huongoza kikao na anaruhusiwa kuleta pendekezo moja badala ya azimio la kamati. Katibu, usifungue kitabu, mimi nimekifungua usiku kucha. Napendekeza kiwanja cha Konza kingoje. Napendekeza malipo yaanze wiki hii, kwa kila aliyerudishwa nyumbani, mpaka oda zirudi. Geti likiwa limefungwa, hakuna kusimama mbele yake. Anayepata kibarua cha siku afanye, asiadhibiwe kwa jasho lake. Na makato tuyapandishe msimu wa ovataimu, si sasa, tunapogawana sukari na majirani.

Wanaoniunga mkono, nyoosheni mikono. Naona kule nyuma kote mikono iko juu. Ahsanteni sana, hapo tayari tume... Ndiyo, Katibu? Ongea kwa sauti, wageni wakusikie.

Mmesikia? Katibu anatukumbusha kwamba mwanachama asiyechanga miezi mitatu hana kura. Na wale wa nyuma hawajachanga, kwa sababu hawana mshahara wa kukatwa, kwa sababu hawana kazi. Kwa hiyo katika Mfuko wa Kukosa Kazi, aliyekosa kazi si mwanachama. Naomba nirudie nisikosee: huu ni mfuko wa watu wote isipokuwa wale wanaouhitaji. Sibishani nawe, Katibu, ndivyo ilivyoandikwa. Jamani wa nyuma, shusheni mikono. Mishi, shusha mkono, mama, haihesabiki.

Imebaki nyinyi wa viti.

Sitawatania tena. Carol, Mwendwa, wote mliokaa hapa, nawajua mmoja mmoja, na najua mnachofikiria, kwa sababu mimi pia nina kazi na mimi pia hukifikiria: pesa ni zangu, zimekatwa kwangu, na mimi niko salama. Uko salama kwa sababu gani? Mishi alikuwa kwenye laini namba nne, wewe uko laini namba tatu. Tofauti yenu ni kwamba meneja alipohesabu laini za kufunga alianzia upande ule. Angeanzia huku, leo ungekuwa umesimama mlangoni na yeye angekuwa amekaa kwenye hicho kiti chenye kitambaa, akiamua kama wewe utabaki na mama yako ama utapanda ndege. Ungetaka afanye nini? Fanya hicho.

Wanaounga mkono, nyoosheni.

Mbona mikono bado iko mapajani? Nitangoja. Nimezoea kungoja, nimefanya kazi na kamati hii.

Carol, asante. Mwendwa, asante. Laini namba tatu yote, naona. Watu wa vifungo. Watu wa kukata. Bwana Meneja, wewe si mwanachama, shusha mkono, lakini nimeuona na Jumatatu nitaukumbusha. Mheshimiwa, hata wewe? Wewe huwa unanyoosha popote penye mikono, lakini leo tunapokea. Wanaopinga, je? Katibu? Anasema yeye huandika tu. Haya, andika: pendekezo limepita.

Mzee Ndunda, huo ni mkono ama unafukuza nzi? Naomba kimya, Mzee anasema kitu. Anasema, "Ni mkono. Na hilo jina langu mlitoe kwa hiyo nyumba." Keti, Mzee wangu. Keti, umetosha. Tanki la maji tulilokununulia kama zawadi ya kustaafu bado ni lako, na tutalileta Masii wenyewe, wenye kazi na wasio na kazi.

Nawashukuru kwa masikio yenu yote, na leo zaidi kwa mikono. Chakula kitagawiwa kuanzia kule nyuma. Lakini kabla ya mtu kushika sahani, Laban, wewe una nguvu, toka nje umwambie yule dereva afungue buti. Sanduku la Mishi linashuka.